Saa Iliyofutwa

Inspekta Klara alimwambia Koplo Wema aliache gari kule kwenye makarasha. Hakutaka gari la polisi lisimame tena mlangoni kwa mjane. Wakatembea kwa miguu katikati ya kelele za zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, wakipishana na wanaume waliopakwa vumbi jeupe hadi kwenye kope. Hakuna aliyewasalimu. Mwakitolyo nzima ilijua wamekuja kwa habari ya nani.

Paskazia alikuwa uani, anakoroga uji wa mtoto. Alipowaona alijifuta mikono kwenye khanga, akaleta viti viwili.

"Mwangaluka, mayu," Klara alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Pole sana, Mama Noela."

"Nimeshapoa, afande. Mmekuja kuniuliza tena zilipo zile Chembe?"

Klara aliketi. Ndilo swali lililomleta. Alhamisi ya wiki iliyopita, Enock, mume wa mwanamke huyu, alikuwa amebeba dhahabu ya duara zima, yaani kundi la shimo moja, jasho la wachimbaji waliokuwa wamekaa shimoni msimu mzima, akaenda kuiuza. Alilipwa kwa Chembe, sarafu ya mtandaoni ambayo haina noti wala benki. Inakaa kwenye simu, na kila malipo yanaandikwa kwenye daftari moja ambalo yeyote mwenye simu anaweza kulifungua na kulisoma. Mabroka wa dhahabu wa huku waliipokea kwa mikono miwili baada ya wenzao kutekwa njiani wakiwa na mabunda ya fedha. Enock aliporudi na kuwaita wenzake wagawane, simu yake haikuwa na kitu. Walimpiga palepale kwenye karasha. Alikata roho akiwa njiani kupelekwa hospitali.

"Nataka uniambie ulichokiona wewe," Klara alisema. "Siyo ulichosikia."

"Alipitia hapa kwanza. Alikuwa anacheka. Akanionyesha simu, nikaziona. Akasema mwaka huu tunaezeka nyumba. Akanywa maji, akaenda kuwaita wenzake."

"Kati ya hapa na kwenye duara kuna mtu aliishika simu yake?"

"Alikuwa nayo mkononi. Hata maji aliyanywa kwa mkono mmoja."

"Maneno ya siri ya kufungulia zile sarafu, nani mwingine aliyajua?"

"Mimi siyajui. Na sijui kama kuna mwingine." Paskazia aliepua sufuria. "Wenzako niliwaambia haya yote. Walinisikiliza kama anavyosikilizwa mke."

Wema alikuwa ameipitia simu ya marehemu tangu Jumatatu. Hakukuwa na dalili ya mtu kuzihamisha Chembe kutoka mle. Zingehamishwa, daftari lingeonyesha zimekwenda wapi. Daftari lilionyesha kwamba hazikuwahi kuingia.

"Mnunuzi alimpata wapi?" Klara aliuliza.

"Kwa Marcel, rafiki yake. Ndiye aliyeileta hiyo Chembe huku kwetu. Enock alisema mnunuzi ni mtu wa Marcel, hana shaka naye. Siku ya mazishi Marcel alibeba jeneza toka hapa mpaka kaburini, hakukubali kupokezana na mtu."

"Na Maganga unamfahamu? Yule tuliyemkamata?"

Mkono wa Paskazia ulisimama juu ya sufuria.

"Maganga ni kaka yangu, afande. Tumbo moja. Nyumba hii yeye ndiye aliyemjengea Enock." Akamiminia uji kwenye kikombe, polepole, kama mtu anayemimina kitu kinachoweza kumwagika kisizoleke. "Mimi sikuombi umfunge mtu. Wala sikuombi umwachie. Nataka uniambie tu, mume wangu alikuwa mwizi au hakuwa mwizi?"

*

Maganga aliletwa kwenye chumba cha mahojiano mahabusu mjini Shinyanga, mtu mrefu aliyezoea kuinama kwenye mashimo. Aliketi na kuiweka mikono yake juu ya meza mbele yake, akaiangalia.

"Nani alianza?" Klara aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini hukumwamini shemeji yako?"

"Nilitaka kumwamini. Alituonyesha picha aliyoipiga kwenye simu yake, ikionyesha Chembe zimeingia. Lakini picha mtu anaitengeneza. Nikatoa simu yangu, nikafungua daftari, nikayatafuta hayo malipo. Nikampa na mwenzangu atafute. Hayapo."

"Na hilo lilikutosha?"

Maganga aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Yeye ndiye aliyetufundisha, afande. Kila akija kwenye duara alikuwa anasema, binadamu anaweza kukudanganya, daftari haliwezi. Kilichoandikwa mle hakifutiki, hata na rais. Mimi sikusoma sana. Nilimwamini yeye, nikaliamini daftari kwa sababu yake. Sasa siku hiyo yeye anasema hivi, daftari linasema vile. Nimwamini nani?"

Wema aliacha kuandika.

"Alijitetea vipi?" Klara aliuliza.

"Alisema, 'Niliziona, niliziona.' Halafu akamwita Marcel."

"Marcel alikuwepo?"

"Alikuja na pikipiki, sijui nani alimpigia simu. Enock akamwambia, 'Marcel, waambie. Wewe unajua.' Marcel akainamisha kichwa. Tukaona hata rafiki yake anamwonea aibu." Maganga aliyarudisha macho kwenye mikono yake. "Basi ndiyo nikampiga."

*

Kama Enock aliiba, alikuwa ameiba kwa njia ambayo Klara hakuielewa. Mwizi huwa anaondoka. Huyu alirudi nyumbani, akamwonyesha mkewe, kisha akaenda mwenyewe kuwaita watu aliowaibia. Lakini shaka siyo ushahidi, na kwa siku mbili faili halikusogea.

Lilisogezwa na simu kutoka Geita. Askari mmoja wa huko, ambaye Wema alikuwa amewahi kusoma naye kozi, alisema ana kesi ndogo ya ajabu: mfanyabiashara wa dagaa wa Nkome, anaitwa Suzana, alimshtaki mteja wake kwa kumlipa Chembe hewa, kisha kesho yake akaja kuifuta kesi. Wema aliuliza siku. Alhamisi. Akauliza saa. Saa kumi alasiri.

Enock alilipwa saa kumi alasiri.

Walimkuta Suzana anageuza dagaa kwenye vichanja, karibu na maji, pamoja na wanawake wengine. Harufu ilikuwa kali na jua lilikuwa limekolea. Mama huyo alicheka aliposikia polisi wametoka Shinyanga kwa ajili yake.

"Kesi nimeshafuta, dada zangu."

"Shikamoo, mama. Hatujaja kukusumbua," Klara alisema. "Tueleze tu ilikuwaje."

"Marahaba. Alikuja mteja, akachukua magunia yangu, akanilipa kwa simu. Chembe zikaingia, nikaziona kwa macho yangu. Akapakia, akaondoka. Nakaa kidogo naangalia, hamna! Nikampigia nikamtukana mpaka mama yake mzazi. Naye anaapa amelipa. Nikaenda polisi."

"Halafu?"

"Kesho yake asubuhi naamka, Chembe zangu hizi hapa. Zimerudi zenyewe. Nikampigia kumwomba radhi, hakupokea. Mpaka leo ananunua mzigo wake kwa mwingine." Alitupa dagaa aliyeharibika pembeni. "Mteja wa miaka, nimempoteza kwa kitu nisichokijua."

"Unamfahamu mtu anaitwa Enock, wa Mwakitolyo?"

"Mwakitolyo sijawahi kufika."

Klara aliushika kwa shukrani ule mkono uliojaa magamba, akamvuta Wema kando, kwenye kivuli cha mtumbwi uliokuwa umepinduliwa ili uzibwe.

"Huyu hakumjua Enock," alisema. "Enock hakumjua huyu. Simu mbili, watu wawili, saa ileile. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye simu ya Enock."

"Lilikuwa kwenye daftari lenyewe, afande." Sauti ya Wema ilikuwa imeshuka. "Nilitakiwa kuliona hili mapema."

"Si tumeambiwa halifutiki?"

"Halifutiki kama wanaoliandika ni wengi na hakuna anayewazidi wote. Daftari hili halina karani. Linaandikwa na mashine, kompyuta za watu mbalimbali, zinashindana. Inayoshinda ndiyo inaandika ukurasa unaofuata. Zikitokea nakala mbili zinazopingana, mashine zote zinaifuata iliyo ndefu zaidi, kwa sababu ndiyo iliyofanyiwa kazi kubwa zaidi. Ndiyo kanuni."

"Sasa mtu mmoja akiwa na mashine zaidi ya nusu?"

"Anawashinda wengine wote wakijumlishwa. Anaweza kumlipa Enock mbele ya watu, malipo yakaandikwa, kila mtu akayaona. Wakati huohuo, kwa siri, mashine zake zinaandika nakala nyingine ya saa hiyohiyo, ambamo sarafu zilezile amejitumia mwenyewe. Anasubiri apokee dhahabu. Akishaipokea anaitoa nakala yake. Ni ndefu zaidi. Mashine zote zinaifuata, na ile saa ya kwanza inafutwa kana kwamba haikuwahi kuwepo."

Klara aliwaangalia wale wanawake kwenye vichanja.

"Za Suzana mbona zilirudi?"

"Mteja wake hakuwa tapeli. Malipo yake yalifutwa pamoja na saa hiyo, lakini Chembe zilikuwa bado ni zake, hazijatumika kwingine, kwa hiyo baadaye yakaandikwa upya. Ya Enock yasingeweza kuandikwa tena. Zile sarafu zilikuwa zimeshatumika kwingine. Sarafu ileile, mara mbili."

"Kwa hiyo angesubiri mpaka kesho yake..."

"Isingesaidia. Zake zisingerudi kamwe."

Enock alikuwa amefanya kila alichowafundisha wenzake. Alisubiri malipo yathibitishwe ndipo akatoa dhahabu. Hakukosea mahali popote.

"Nani ana mashine zaidi ya nusu?" Klara aliuliza hatimaye.

Wema alikuwa ameshaifungua kompyuta yake ndogo juu ya mapaja. Kila ukurasa wa daftari ulibeba alama ya mashine zilizouandika. Mwaka juzi alama zilikuwa nyingi, za Kahama, Geita, Mwanza. Bei ya umeme ilipopanda na faida ikashuka, wenye mashine walizima mmoja baada ya mwingine wakaziuza. Sasa kurasa nyingi zilikuwa na alama moja: kinu cha zamani cha pamba, nje kidogo ya Shinyanga. Mwenyewe hakuwa amejificha. Jina lilikuwa wazi kwenye tovuti ya Chembe, pamoja na picha yake akitabasamu.

Marcel.

"Na angalia hapa, afande, hii ni nakala ya kwanza, imebaki kwenye mashine moja ya Kahama. Alhamisi alasiri, alama yake haipo. Saa nzima hakuandika hata ukurasa mmoja. Kisha nakala ndefu inatokea, halafu anarudi kama kawaida."

*

Kabla ya kuingia kinuni, Klara alisimama kwenye mashine ya kusaga nafaka iliyokuwa jirani, akanunua unga ambao hakuuhitaji.

"Huku kwenu umeme unakatika sana?" alimwuliza mama aliyekuwa akipima.

"Siku hizi afadhali."

"Alhamisi ya wiki iliyopita je, alasiri?"

"Ulikuwepo. Tulikuwa tunasagia watu wa harusi, foleni mpaka barabarani. Ungekatika wangetuua."

Ndani ya kinu, mahali palipokuwa na marobota ya pamba, palikuwa na rafu za mashine zinazovuma kwa feni. Joto lilikuwa la tanuri. Marcel aliwapokea kwa heshima, akawapeleka ofisini, akafunga mlango ili wasikilizane. Alikuwa amekonda. Kitambaa cheusi cha msiba kilikuwa bado kimeshonwa kwenye mkono wa shati lake.

"Kesi ya Enock imefikia wapi, afande?"

"Inakwenda. Alhamisi ile, mashine zako zilikuwa zinafanya kazi?"

"Alhamisi... hapana. Alasiri tulikatikiwa umeme. Kwa muda wa saa moja hivi."

"Mashine ya kusaga hapo jirani haikukatikiwa. Mnatumia laini moja."

Marcel aligeuka akautazama mlango.

"Labda lilikuwa tatizo la ndani, la transfoma."

"Sawa. Nikiomba kumbukumbu za mita yako zitaonyesha hukutumia umeme saa hiyo?"

Nje ya mlango feni ziliendelea kuvuma.

"Nitakusaidia," Klara alisema. "Umeme ulikuwepo na mashine zote zilikuwa zinafanya kazi. Zilikuwa zinaandika pembeni. Mnunuzi uliyempelekea Enock alikuwa mtu wako, na dhahabu ilikuja kwako. Wema amesoma nakala zote mbili. Ile ya kwanza imebaki kwenye mashine ya mzee mmoja wa Kahama ambaye hakuizima. Malipo ya Enock yamo."

Marcel aliketi. Alitazama kitambaa kile mkononi mwake kana kwamba amekiona sasa hivi.

"Nilikuwa nimenunua mashine za kila aliyekata tamaa," alisema. "Niliogopa zikizimwa Chembe itakufa. Nikajikuta nazigharimia peke yangu, na haziingizi kitu. Nikasema mara moja tu. Watu watadhani ni hitilafu. Enock ni mtu anayeaminika, watampa muda, nami nitamfidia kimyakimya."

"Hawakumpa muda."

"Hapana."

"Na ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa pale."

"Alikuita. Alisema, waambie, wewe unajua."

Marcel alianza kulia bila sauti. Klara alingoja. Alikuwa amehoji wauaji wengi, na alijua jambo linalobaki la kuuliza.

"Ungeweza kusema neno moja. Ungesema tu kwamba daftari linaweza kubadilishwa. Hukulazimika hata kujitaja. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema hivyo, Chembe ingekuwa haina thamani jioni ileile." Aliongea akitazama sakafu. "Haina dhahabu nyuma yake, afande. Haina serikali. Ina kitu kimoja tu, watu kuamini kwamba malipo yakishaandikwa yameandikwa. Wakijua kuna mtu anayeweza kuyafuta, nani atampa mwenzake gunia la dagaa kwa ajili ya kitu hicho? Zangu zote zilikuwa humo. Na za watu wote walioniamini. Nikasema nikinyamaza wataishia kumpiga makofi."

"Ukalinda bei."

Marcel alikishika kile kitambaa cheusi.

"Na zile ulizojirudishia?" Wema aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea humo ndani. "Kesho hazitanunua hata chumvi. Ulizifuta siku ulipoifuta ile saa, hukujua tu."

Klara alisimama, akamsomea haki zake. Marcel alinyoosha mikono kabla hajaambiwa.

*

Habari ilifika Mwakitolyo kabla yao. Walipofika, duka la kwanza lilikuwa limebandua karatasi iliyosema *Tunapokea Chembe*, na mwenye duka la pili alikuwa anagombana na mchimbaji aliyetaka kumlipia sukari. Watu walisimama makundi makundi na simu mikononi, wakiangalia tarakimu zikishuka. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi chini kabisa, mgongo ukutani, akiba ya ada za wanawe imo mkononi mwake na hakuna anayeitaka.

Paskazia alimsikiliza Klara mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaomba jambo moja, lisemwe kwenye karasha, mahali palepale.

Mashine zilizimwa. Klara alisimama mbele ya wale wanaume, akasema kwa maneno machache: Enock alilipwa, malipo yalikuwepo, mtu mwenye mashine nyingi kuliko wote aliyafuta. Enock hakuwa mwizi. Alisema kweli tangu mwanzo hadi mwisho.

Hakuna aliyesogea. Baadaye mzee mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Na Chembe zetu, afande?"

"Sijui, mzee wangu. Nadhani zimekwisha."

"Basi tumemwua bure," mzee akasema.

Paskazia alimfunga Noela mgongoni, akapanda gari la polisi bila kukaribishwa.

"Nipeleke kwa Maganga. Nataka aisikie kwangu."

Mahabusu, Klara aliomba wapewe chumba badala ya dirisha la kutembelea, akasimama pembeni. Maganga aliingia, akamwona dada yake, akataka kurudi nyuma. Askari akamzuia.

"Keti, kaka," Paskazia alisema.

Akaketi.

"Hakuwa mwizi. Marcel alilibadilisha daftari. Amekiri."

Maganga alimtazama Klara, akitafuta mtu wa kukanusha. Klara alitikisa kichwa kukubali.

"Zilikuwemo?" Maganga aliuliza.

"Zilikuwemo. Nami niliziona."

"Aliponiambia ameziona..."

"Alikuwa ameziona."

Kichwa cha Maganga kiliinama taratibu mpaka paji la uso likagusa meza. Mtoto mgongoni alianza kulia, na Paskazia akasimama akawa anamtikisa, huku na huku katika chumba kile kidogo, akimsubiri kaka yake ainuke. Alikuwa na mengine ya kumwambia. Hakujua bado kama ni laana au ni msamaha, na alidhani atajua akimwona usoni. Askari akasema muda umekwisha. Akaongeza dakika chache kwa huruma yake, akasema tena.

Maganga hakuinuka, na Paskazia akatoka bila kuyasema.